Fowili ya Mdomo Tu

Nichekeni sasa hivi, mcheke mpaka mmalize, halafu mniache nisimulie kwa utulivu, maana najua wengine wenu mlishaiona ile video kwenye simu, ile ya pikapu inayovutwa na ng'ombe wanne huku dereva ameshika usukani kwa heshima zote kana kwamba kuna kitu anaendesha. Yule dereva ni mimi. Suti ile iliyolowa tope niliishona mwenyewe, na wale akina mama wanaoimba pembeni ni mashangazi wa mke wangu. Mpaka leo nikipita sokoni Bariadi kuna muuza choroko mmoja ananilia "Mooo," halafu anainama haraka anajifanya anapanga mafungu yake.

Naitwa Masalu, fundi cherehani, kibanda changu kipo hapa hapa mjini. Nimeoa kule Nkoma, kwa Mzee Nkwabi, na Mzee Nkwabi ni mtu wa ng'ombe na pamba, akikupa mkono kukusalimia unasikia sugu za jembe, na tangu nimuoe binti yake Kabula miaka kumi na minne iliyopita sikuwahi kumsikia akiniuliza habari ya kazi yangu. Akija mjini analala kwangu, anakula, anabeba wajukuu zake, lakini kwenye kibanda changu hakuwahi kukanyaga. (Sisemi alinidharau. Nasema mimi nilijidharau kwa niaba yake, ndivyo ninavyoona sasa.)

Basi nikapata pikapu. Dabo kabini, yenye viti vya mbele na vya nyuma, nimeichukua kwa jamaa mmoja wa Lamadi aliyekuwa anabebea samaki, na jua likiwaka inanuka sangara mpaka leo, ila kwa sura ilikuwa gari ya kutisha, imenyanyuka juu, matairi makubwa yenye meno, bomba la chuma limezunguka mbele, ukiikuta imepaki unasema hii inapanda ukuta. Kasoro yake moja haionekani kwa macho: inasukumwa na matairi mawili ya nyuma tu. Ya mbele kazi yake ni kukata kona. Kwa wasiojua mambo ya magari, ile tunayoiita fowili inazungusha yote manne, ya nyuma yakiteleza ya mbele yanakuvuta unatoka. Ya kwangu, ya nyuma yakiteleza, hapo ndipo ulipofika.

Sasa kulikuwa na harusi ya Minza, mdogo wake Kabula. Minza huyu aliishi kwetu miaka yote minne ya sekondari, alikuwa akitoka shule anakaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani yangu anafanya hesabu zake huku mimi nashona, wakati mwingine ananisomea kiingereza, na mimi ninaitikia tu kama naelewa. Alipopata mchumba watu wakamwambia gauni likakodiwe Mwanza, akasema hapana, nataka gauni la shemeji. Nilishona gauni lile wiki tatu. Nilifumua mabega mara mbili. Msinione hivi, mimi ni mtu mzima, lakini siku aliyolijaribu nilitoka nje nikasingizia vumbi.

Wiki moja kabla ya harusi Mzee Nkwabi akanipigia simu asubuhi.

"Mkwilima, mwangaluka," akasema. (Mkwilima ndiye mimi, mkwe wa kiume, na mwangaluka ndiyo salamu yetu ya asubuhi.)

"Mwangaluka, baba."

"Nasikia una gari."

"Ninayo, baba."

"Ni fowili?"

Hapo ndipo. Ndugu zangu, ukitaka kujua mtu anaharibikiwa wapi maishani, ni mahali padogo kama pale, sekunde moja, simu sikioni, mke wako anachekecha unga mbele yako. Ningesema "hapana baba, ni ya kawaida," maisha yangeendelea. Lakini nilisikia kama kuna kitu kwenye sauti ya yule mzee, kama hamu ya kujua, kitu ambacho sikuwahi kukisikia akizungumza nami, na mdomo wangu ukaondoka wenyewe.

"Fowili kabisa, baba. Inavuta kote kote."

"Vizuri. Basi wewe ndiye utamleta mtoto kanisani."

Kabula akaacha kuchekecha. Alingoja nikate simu, akaniuliza kwa upole, ule upole wake unaonitisha kuliko kelele, "Masalu, hivi gari yetu ni fowili?"

"Inakaribiana."

"Inakaribiana kivipi?"

"Si ina matairi manne?"

Akarudi kwenye unga wake. Nikajiambia nitampigia Mzee jioni nimweleze. Jioni nikasema kesho. Kesho yake nikasikia upande wa bwana harusi wameshaambiwa lile Landikruza la mjomba wao, fowili ya kweli, halihitajiki, mkwe wa Mzee Nkwabi anakuja na ya kwake. Kesho kutwa shangazi zake Minza wakasikia, na Shangazi Limi, yule mwenye sauti ya kengele, akatangaza kwamba wao tisa watapanda nyuma waimbe njia nzima. Uongo wangu ulishakuwa wa ukoo. Mimi nikabaki kushona pindo la gauni na kuchungulia mawingu, maana ilikuwa Desemba, watu wameshaanza kupanda pamba, na mwezi ule mvua haikuomba ruhusa kwa mtu.

Alfajiri ya siku yenyewe nilikuta mvua imenyesha mpaka vyura wamenyamaza. Nilitoka Bariadi na Kabula, nimevaa suti yangu, barabarani kote tulikuwa sawa, tukafika kwa Mzee mapema. Minza akatoka ndani amevaa. Sitasema sana. Satini nyeupe chini, neti juu yake, shela refu mpaka chini, na wale shangazi wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia, na Mzee Nkwabi akiwa na koti lake jeusi alisimama mlangoni akamwangalia mwanawe, akapangusa uso kwa kiganja, akasema tu, "Haya, twendeni."

Kutoka pale kwenda kanisani kuna njia mbili. Moja inazunguka juu, ya changarawe, ndefu lakini salama. Nyingine inakata katikati ya mbuga, fupi, ila ni ule udongo wetu mweusi ambao wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kuzamisha mguu na ukilowa unakuwa mlenda. Nikawasha gari nikakata kushoto, kwenye changarawe.

"Unakwenda wapi?" Mzee akauliza. Alikaa mbele na mimi, Minza na Kabula nyuma yetu, na mashangazi kule kwenye bodi.

"Tuzunguke, baba, taratibu."

"Padri anangoja saa nne. Na fowili unaipitisha changarawe ya nini? Kata huku."

Kwenye kioo nilimwona Kabula amefumba macho. Nikakata huku.

Tulikwenda vizuri kama mita mia mbili, mashangazi wanaimba, mimi naanza hata kuamini kwamba labda gari hii nimeisingizia, halafu nikahisi makalio ya gari yanakwenda upande wake na mimi nakwenda upande wangu, nikakanyaga mafuta, injini ikalia, tukashuka taratibu kama mtu anayekaa kwenye kochi. Mashangazi wakamalizia ubeti.

"Weka fowili," Mzee akasema.

Jamani. Ningesema pale pale, aibu ingekuwa mbele ya watu watatu. Badala yake nilikohoa, nikajinyoosha, nikabonyeza kitufe cha taa za hazadi. Zikaanza kuwaka na kuzima, tik, tik, tik.

"Imeshaingia!" Shangazi Limi akapiga kelele kule nyuma. "Naona taa zake!"

Nikakanyaga. Tukazama zaidi. Nikabonyeza na kitufe cha feni, upepo wa sangara ukatupiga usoni. Mzee akaangalia vile vitufe, akaniangalia mimi, akaangalia tena vitufe.

"Masalu," akasema. Hakuwahi kuniita jina langu kabla ya siku ile. "Fowili iko wapi?"

"Baba, haina."

"Haina nini?"

"Haina fowili. Ni ya nyuma tu. Haijawahi kuwa nayo."

Nilingoja matusi. Nilikuwa tayari kabisa kwa matusi, ningeyapokea kama dawa. Lakini yule mzee akavua viatu vyake vilivyopakwa rangi asubuhi ile, akakunja suruali mpaka magotini, akafungua mlango, akashuka kwenye tope, na kile kimya chake kilinikata kuliko mkasi wowote ninaoujua.

Sasa sikilizeni ujinga wa pili. Nilidhani gari ikipungua uzito itatoka, nikawaomba mashangazi washuke wasukume. Mtu yeyote anayejua gari ya kusukumwa na nyuma angeniambia wale mashangazi tisa kule nyuma ndio waliokuwa wanayashindilia matairi chini yapate pa kushika, ndiyo fowili pekee niliyokuwa nayo, na mimi nimeishusha. (Hata bwana mmoja mtengeneza magari alinieleza baadaye, akacheka mpaka akakaa chini.) Minza naye akasema hawezi kukaa ndani watu wanasukuma, wakambeba juu juu mashangazi wawili wakamsimamisha kwenye kichuguu kikavu, nyuma ya gari kidogo, upande wa kushoto. Hakuna aliyefikiria. Mimi dereva nilikuwa na kioo, na kwenye kioo nilimwona, mweupe peke yake katikati ya mbuga nyeusi, nikasema moyoni jinsi alivyopendeza, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Tairi la kushoto likazunguka bure. Likachimba, likaokota tope, likalirusha.

Sikusikia mtu kupiga kelele. Nilichosikia ni kwamba wameacha kusukuma. Nikageuka. Kutoka kifuani mpaka kwenye pindo, gauni la wiki zangu tatu, jeusi. Tone moja lilikuwa linamshuka kwenye shavu, na Minza amenyoosha mikono pembeni, kama mtoto anayengoja kupimwa.

Nilishuka kwenye gari nikakanyaga tope, nikateleza, nikakaa. Sikuinuka. Nilikaa pale chini na suti yangu nikaanza kulia mbele ya mashangazi tisa, mke wangu na baba mkwe. Hiyo haipo kwenye video, nashukuru Mungu, waliopiga picha walikuwa hawajafika.

Minza ndiye aliyeshuka kwenye kichuguu. Alinijia na lile gauni, akachuchumaa mbele yangu, akaniambia, "Shemeji, una sindano?"

Mimi macho yalikuwa kwenye madoa tu.

"Shemeji. Uliwahi kunishonea sare ya shule saa moja kabla ya mtihani, unakumbuka? Una sindano au huna?"

Ninayo. Fundi hakosi sindano, yangu inakaa nyuma ya kola, na ndani ya gari nilikuwa na mkasi na uzi mweupe kwa ajili ya marekebisho ya mwisho. Na wakati huo huo mama mmoja aliyekuwa analima shamba la jirani kwa maksai alikuwa ameshaacha plau yake na kuja kutuangalia, amevaa mabuti na fimbo begani. Alizunguka ile gari mara moja.

"Miguu yake mingapi inafanya kazi?" akauliza.

"Miwili," nikasema.

"Hawa wangu wana kumi na sita," akasema, akaenda kuwafungua. "Bibi harusi mpelekeni nyumbani kwangu pale, maji yapo."

Nyumba yake ilikuwa karibu, tulitembea peku. Kabula akamvua mdogo wake gauni, akamfunga kanga, akamwosha uso na miguu kwenye beseni. Mimi nikanawa mikono mpaka viwiko, nikavua koti, nikakaa kwenye kibaraza na gauni mapajani. Neti yote ya juu haikufaa tena, nikaichana. Satini ya chini ilikuwa imeokoka sehemu kubwa, ila kuanzia magotini imekwisha na kifuani kuna madoa kama choroko zilizomwagika. Nikakata chini, likawa gauni la kufika juu kidogo ya kifundo. Kifuani nikaamua nikate shela vipande viwili, kimoja abaki nacho kichwani, kingine nikikunje mara tatu kifunike madoa yote. Lakini shela linateleza, linahitaji mtu wa kulivuta likae sawa, na Kabula alikuwa anasuka upya nywele za mwenzie ndani.

Kivuli kikaniangukia. Mzee Nkwabi, suruali imekunjwa, ameshanawa mikono, inadondosha maji.

"Nishike wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akachuchumaa akashika shela kwa vidole viwili viwili, vile vidole vinavyofunga ng'ombe kamba, kwa uangalifu kana kwamba ameshikishwa kifaranga, na mimi nikaanza kushona. Nilikuwa nashona haraka ila sindano ilijua njia, na nikahisi yule mzee haangalii shela, anaangalia mkono wangu.

"Kwa nini uliniambia ni fowili?" akauliza, bila hasira.

"Nilitaka unione mtu wa maana, baba."

Akalivuta shela likae sawa, nikapiga kama hatua ishirini za sindano.

"Mimi niliuliza ili nijue tutapita njia gani," akasema. "Ungesema haina, tungetoka mapema tukazunguka. Gari hata ingekuwa baiskeli, mtoto alikwishasema anapelekwa na wewe. Lile Landikruza alilikataa yeye, kabla sijakupigia simu."

Nilijichoma kidole. Nikakificha kisiguse satini, na Mzee akakiona, akatoa leso yake mfukoni akakifunga mwenyewe, fundo dogo la mfugaji, haliachii.

"Hivi," akasema, "vitu hivi vyote unavifanya kwa macho tu? Bila kuchora?"

"Nachora kwanza, baba. Leo tu ndiyo nakisia."

"Mm," akasema. Kisha akaongeza, "Mbona hujawahi kunionyesha?"

Ningemwambia mbona hujawahi kuuliza. Nilimwangalia, nikaona naye kumbe ana haya, mzee mzima, ameshika kitambaa, amengoja miaka kumi na minne akaribishwe. Nikasema, "Njoo, baba. Njoo hata wiki hii."

Minza alipotoka na lile gauni fupi, kifua kimekunjwa kama jani la mgomba lililoanza kufunguka, mashangazi hawakupiga vigelegele mara moja. Waliangalia kwanza. Kisha Shangazi Limi akasema, "Hili ni zuri kuliko lile," na hapo ndipo kelele zilipoanza.

Sasa video. Maksai walikuwa wameshafungwa kwenye gari kwa minyororo na kuivuta kutoka shimoni, lakini mbele bado kulikuwa na mbuga, na yule mama akakataa katakata kuwafungua. "Nikiwaachia hapa mtaniita tena pale," akasema. Basi tukapanda, maksai mbele, mama na fimbo yake pembeni, mimi kwenye usukani, mashangazi wengine nyuma na wengine wanatembea wanaimba, na taa za hazadi bado zinawaka, nilishazisahau. Ndivyo tulivyotokea barabarani, na pale barabarani walikuwa wamesimama upande wote wa bwana harusi, waliokuja kututafuta na lile Landikruza, watu kama thelathini, na kila mmoja simu juu. Mjomba mwenye Landikruza aliniinamia dirishani akauliza, kwa adabu kabisa, kama nimeweka fowili ya juu, ile ya mwendo, au ya chini, ile ya nguvu. Kabla sijafungua mdomo Mzee Nkwabi akamjibu, "Mkwe wangu ni fundi wa nguo. Mambo ya magari muulize mwingine." Nikainama nikauangalia ule usukani.

Padri alikuwa amengoja. Mzee alimwingiza mwanawe kanisani akiwa na tope kwenye ndevu, na bwana harusi, ambaye tayari alishaambiwa kila kitu, alipomwona Minza alicheka na kulia kwa pamoja, akawa anajipangusa kwa mkono wa koti (koti nililoshona mimi, nikaumia kidogo).

Aibu haijaisha, nisiwadanganye. Kwenye kundi la ukoo la simu kila Desemba mtu anairudisha ile video. Ila nimeapa, na kiapo changu ni kifupi: mtu akiniuliza gari yangu ikoje, naanza na kisichokuwepo. Haina fowili, haina spea, kioo cha kushoto hakishuki, na inanuka samaki. Halafu ndiyo namuuliza anataka kwenda wapi.

Mzee Nkwabi alikuja kwenye kibanda Jumanne iliyofuata. Alikaa kwenye kigoda mpaka mchana, wateja wanaingia na kutoka, akawa anawasalimia kama mwenyeji. Na siku hizi mawingu yakifunga kule Nkoma simu yangu inalia mapema, najua ni yeye.

"Mkwilima, huku imenyesha. Usije na gari."

"Sawa, baba."

"Panda pikipiki. Lakini uje."